Anayetembea Upande wa Kulia

Wembe ulisimama chini ya kidevu cha mteja. Haukupanda, haukushuka.

Mteja mwenyewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa maneno mengi, na alikuwa katikati ya kusimulia jinsi tairi lilivyompasukia mlimani. Alipohisi mkono wa Kinyozi umeganda, akainua macho kwenye kioo. Akamwona Kinyozi amesimama nyuma yake, kichwa amekilaza upande wa kulia, macho nusu yamefumbwa, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani.

"Vipi, fundi?" dereva aliuliza bila kufungua mdomo sana, maana wembe ulikuwa pale pale.

"Nyamaza kidogo," Kinyozi akasema taratibu. "Anapita."

"Nani anapita?"

Nje mtaa ulikuwa mtupu. Jua la asubuhi lilikuwa limeingia mpaka kwenye mguu wa kiti, na katika ule ukimya dereva akajikuta naye anasikiliza, asijue anasikiliza nini. Kisha wembe ukaendelea kama vile haukuwahi kusimama, laini, safi, mpaka sikioni. Kinyozi akamfuta povu, akampaka spiriti, akamshikia kioo kidogo aone kisogo.

"Umependeza," akasema.

"Nimependeza," dereva akakubali.

Alitoka anajipapasa koo. Alipofika kwa fundi simu wa pale kona, akainama akamwambia, "Yule bwana yamemrudia." Na kabla ya adhuhuri mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba Kinyozi yamemrudia, isipokuwa Kinyozi mwenyewe na watu wa nyumbani kwake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa dirishani, chumba cha mbele, na siku hizo alikuwa amezama kwenye sare za wanafunzi. Kinyozi alirudi kula mchana, akanawa, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akakaa kimya mpaka mkewe akahisi ukimya ule mgongoni.

"Mke wangu," akasema, "kuna mtu anatembea kichwani mwangu."

Mguu wa mkewe ukaacha kukanyaga. Gurudumu la cherehani likazunguka lenyewe mara kadhaa, likakata.

"Sauti?"

"Si sauti. Sauti zangu nazijua. Zile huongea, na huja kutoka juu, kama mtu aliye darini. Huyu haongei, anatembea tu. Yuko huku." Akagusa sikio la kulia. "Akifika mwisho anageuka. Halafu anakuna."

"Anakuna nini?"

Kinyozi akafikiri, maana alikuwa mtu wa kutaka kusema kitu kilivyo. "Mlango, nadhani."

Bibi, mama yake Kinyozi, alikuwa pale mlangoni anachambua mchele, akaacha. Mjukuu wake, binti wa darasa la nne, alikuwa chini ya meza anaokota vipande vya vitambaa, naye akaacha. Nyumba ile ilikuwa na mapatano yake ya zamani: kukitokea jambo, hakuna kuficha. Mwenye jambo aseme, na wote waende naye hospitali mapema, kabla halijakua. Ndivyo walivyofundishwa na muuguzi wa hospitali, nao walifuata. Kinyozi hakuwahi kuruka sindano yake ya kila mwezi. Sindano ile ilimfaa, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema kwamba ndiyo iliyomrudishia wembe mkononi.

"Kesho tutakwenda," mkewe akasema. Akageukia cherehani, akachomeka uzi mahali pasipo pake.

Pale hospitali palikuwa na utaratibu mmoja ambao haukuandikwa popote na kila mtu aliujua. Wagonjwa wengine walikuwa na kadi nyeupe. Wagonjwa wa akili walikuwa na kadi ya njano, na mwenye kadi ya njano huanzia chumba cha mwisho.

"Anaumwa sikio," mke wa Kinyozi alimwambia dada wa dirisha la mapokezi.

Dada yule aliiona kadi, akairudisha kwa ncha za vidole. "Chumba cha mwisho."

"Ni sikio, dada yangu."

"Mama, hata angekuwa amevunjika mguu. Njano huanzia chumba cha mwisho, wakiona hana neno ndiyo wanamrudisha huku."

"Huwa wanawarudisha?"

Dada akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali geni. "Mimi sijaona," akasema bila ubaya, akamwita aliyefuata.

Ukumbi wa kwenda chumba cha mwisho ulikuwa mrefu, na madirisha yake yalipakwa rangi nyeupe nusu ya chini, ili walio nje wasiwaone walio ndani. Kwa hiyo mtu aliyekaa kwenye benchi aliona mbingu tu, na vichwa vya wapitaji vikielea bila miili. Kinyozi alikaa anavitazama vile vichwa. Kwa mazoea ya kazi alijua kipi kimenyolewa na nani.

Muuguzi wa chumba kile aliitwa Mama Pole, kwa sababu kila aliyeingia alimpa pole kabla hajasikia shida yake. Alikuwa na sauti nzuri, ya kulaza watoto. Miaka mingi nyuma mgonjwa mmoja alimpiga kofi, akadondosha miwani, na tangu siku ile alibandika utepe mwekundu sakafuni kati ya kiti chake na kiti cha mgonjwa. Mgonjwa hakuvuka utepe. Yeye pia hakuuvuka.

"Pole sana," akasema. "Ehe. Imekuwaje?"

Kinyozi akaeleza, neno kwa neno, kama alivyofundishwa asifiche. Mama Pole akatikisa kichwa kwa huruma kila kituo.

"Na huyo mtu anakuambia ufanye nini?"

"Haongei, muuguzi."

"Wakati mwingine mwanzoni hawaongei." Akaandika. "Unahisi anataka nini?"

"Kutoka."

Kalamu ikasimama kidogo, ikaendelea. Mkewe akajisogeza mbele, ncha ya kiatu ikagusa utepe, akairudisha.

"Muuguzi, samahani. Hutamwangalia hilo sikio?"

"Mama, pole," Mama Pole akasema, na kweli alimwonea huruma. "Nikianza kuangalia kila wanaponionyesha, nitaangalia wapi na wapi? Juzi mmoja ana nyoka tumboni. Nimpasue? Tumwongezee dawa, atatulia. Na msimtie kitu chochote sikioni. Mnapenda sana mafuta mafuta yenu, mnaharibu watu."

Wakarudi nyumbani na dawa zaidi, na hawakumtia kitu chochote sikioni.

Dawa zilifanya kazi, lakini si kwenye sikio. Ulimi wa Kinyozi ukawa mzito, akaanza kula polepole kama mtoto anayeota meno. Kisha mikono ikaanza kucheza. Kikombe kiligongana na kisahani mpaka mkewe akaacha kumpa kisahani. Kule kibandani akaanza kuwaambia wateja kwamba wembe umeisha makali, watumie mashine tu. Mashine nayo ikamchorea mwalimu mmoja kipara cha ghafla juu ya sikio.

"Fundi," mwalimu akasema anajitazama kwenye kioo, "siku hizi unanyoa au unatia saini?"

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Kinyozi pia akacheka, akachelewa kuacha, maana uso wake nao ulikuwa haumtii. Mwalimu hakurudi tena, na waliokuwa kwenye benchi wakaanza kukumbuka kwamba nywele zao hazijakua sana. Kiti kikabaki wazi. Kinyozi akakaa yeye kwenye kile kiti, uso kwa uso na kioo, kichwa amekilaza kulia. Watu waliopita walimwona hivyo, wakavuka upande wa pili wa barabara.

Na yule aliyekuwa ndani hakuacha kutembea.

Siku ya mapumziko Kinyozi alijilaza mkekani baada ya chakula, usingizi wa dawa ukamchukua. Bibi alikaa karibu naye na pepeo la kufukuzia nzi. Nyumba ilitulia. Mkewe Kinyozi alikuwa anapiga pasi sare. Bibi akamtazama mwanawe alivyolala mdomo wazi, mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, akamwinamia kumfuta mate. Na alipoinama hivyo, sikio lake likawa juu ya sikio la mwanawe.

Bibi hakuinuka.

Mjukuu alimwona bibi yake amekaa vile, ameinama, hapumui, pepeo limesimama hewani. "Bibi?"

Bibi akamnyooshea kidole anyamaze. Kisha akamwita kwa mkono. Binti akaja kwa magoti, akaweka sikio lake dogo pale alipoelekezwa. Kwanza akasikia pumzi za baba yake. Kisha, chini ya pumzi, mahali pa ndani sana, akasikia kitu kinakokota miguu. Kikaenda. Kikasimama. Kikageuka. Kisha kikakuna, kwa subira, kama mwenye nyumba aliyesahau ufunguo.

Binti akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Umesikia?" Bibi akamnong'oneza.

Binti akaitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yamejaa lakini hayakushuka.

"Mama mkwe," Bibi akamwita mke wa mwanawe, jina ambalo alimtania nalo tu, na sasa hapakuwa na utani. "Njoo usikilize. Yumo."

Mkewe Kinyozi akaegesha pasi. Akatembea mpaka ukingo wa mkeka, akasimama. Akamtazama mkwewe, akamtazama binti yake, akamtazama mumewe aliyelala.

"Sitaki, mama," akasema.

"Ni kitu cha kweli. Sikiliza tu."

"Ndiyo maana sitaki. Lazima abaki mmoja humu ndani ambaye hajasikia."

Akarudi kwenye pasi. Bibi akamshika mjukuu wake mabega yote mawili. "Na wewe hukusikia kitu. Sawa? Mtu yeyote akikuuliza. Hukusikia kitu."

"Lakini nime..."

"Bibi ndiye amesikia. Bibi atasema."

Bibi alivaa nguo yake ya kwendea misibani na sherehe, maana alitaka kuaminika. Akapita ule ukumbi wa vichwa vinavyoelea akiwa mbele ya mwanawe na mkwewe, magoti yake mabovu yanalia, akaingia chumba cha mwisho, akakaa kwenye kiti cha mgonjwa kabla hajakaribishwa.

"Shikamoo, bibi. Pole sana," Mama Pole akasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukuambia hivi. Mwanangu hajarukwa. Huyo anayetembea, hata mimi nimemsikia."

Kalamu ikashuka juu ya meza. Mama Pole akavua miwani. Na hapo sauti yake ikawa nzuri kuliko siku zote, ikashuka chini, ikawa kama blanketi.

"Umemsikia."

"Kwa sikio langu hili. Anatembea, anageuka, anakuna."

"Tangu lini, bibi?"

"Tangu jana, baada ya chakula."

"Na mwanao alikueleza kwanza anavyotembea, au ulisikia tu?"

"Alikuwa amekwisha kutueleza, lakini..."

"Ee. Pole, bibi. Na zamani, kwenu, upande wa baba au wa mama, kulikuwa na mtu wa namna hii?"

Bibi alikuwa mkweli, na hakuona swali lilikokuwa linakwenda. Akafikiri. "Alikuwepo shangazi yangu, alikuwa akiongea na kuku. Lakini sasa, muuguzi, nani haongei na kuku?"

Mama Pole hakucheka. Akafungua droo, akatoa kadi ya njano, mpya, bado ina harufu ya dukani, akaanza kuandika. Bibi akaitazama ile kadi inavyojazwa, na taratibu akaelewa, kama mtu anayeona maji yanaingia chini ya mlango.

"Hiyo ya nani?"

"Ya kukusaidia tu, bibi. Utalala vizuri."

"Mimi nalala vizuri. Ninachoumwa ni magoti."

"Magoti pia utatuambia sisi. Kuanzia sasa utatuambia sisi kila kitu." Kisha Mama Pole akainua macho kwa mke wa Kinyozi aliyesimama mlangoni. Akamtazama kwa huruma. "Na wewe, mama? Wewe umesikia?"

Mkewe Kinyozi alihisi macho ya mumewe na ya mkwewe. "Mimi sijasikia," akasema. Na ilikuwa kweli.

Walipokaribia nyumbani Bibi akamkabidhi mkwewe kile kifurushi cha vidonge. "Nifichie mahali ambapo sitaviona," akasema. "Nisije nikaanza kuamini ni vyangu."

Ni yule yule aliyekataa kusikia ndiye aliyepata njia. Upande wa pili wa mji, jirani na karakana ya mbao, palikuwa na zahanati ndogo ambako hakuna aliyewajua. Alimpigia mumewe pasi shati jeupe, akamfunga vifungo mwenyewe maana mikono haikuweza, akamfunza njiani.

"Sikio linauma. Basi. Usiseme anatembea. Usiseme mtu."

"Nisemeje?"

"Usiseme kitu. Mimi nitakuwa mke mwenye mdomo, wamezoea wake wa hivyo."

"Hata mimi nimezoea," Kinyozi akasema, na nusu ya uso wake ikacheka. Mkewe aliishikilia ile nusu moyoni njia nzima.

Kadi ya njano ilikuwa ndani ya pochi, chini kabisa, imefungwa kwenye leso.

Tabibu wa zahanati alikuwa kijana mwenye shati lililokunjwa mikono, na chumba chake hakikuwa na utepe sakafuni. "Karibu, kaka. Kaa hapa, karibu na mwanga," akasema, akamvutia kiti kwa mguu. Akalishika sikio, akalivuta juu na nyuma, vile vile Kinyozi anavyoyashika masikio ya wateja wake. Akachungulia kwa tochi yake yenye mdomo mwembamba. Akachungulia tena.

"Ala," akasema. "Una mgeni humu, kaka."

Mkewe Kinyozi akatafuta ukuta kwa mkono, akauegemea.

"Mdudu, tena mzima. Anatembea huyu. Humsikii?"

Kinyozi akamtazama mkewe kuomba ruhusa. Mkewe hakuweza kumpa ishara yoyote. "Kidogo," Kinyozi akasema.

"Kidogo? Mimi angeniingia huyu ningepiga kelele mpaka mtaa wa tatu. Una moyo mgumu, kaka. Hongera." Tabibu akacheka, akaenda kupasha mafuta. "Mngekuja mapema. Watu mnakaa na vitu."

Mafuta yalipoingia, yule wa ndani akapatwa na wazimu. Alikimbia, akakuna, akagonga, mpaka Kinyozi akaushika ukingo wa kiti na meno yakatoka nje. Kisha miguu ikapungua. Kisha ikabaki mmoja. Kisha hakuna.

"Amenyamaza," Kinyozi akasema. Machozi yakamtoka bila kulia. Tabibu akasukuma maji ya vuguvugu kwa bomba lisilo na sindano, mara moja, mara mbili, na kwenye bakuli la bati kikaanguka kidude cheusi, kigumu, kama mbegu ya tikiti yenye miguu.

Wote watatu wakakitazama. Kilikuwa kidogo mno.

"Nitakupa na dawa ya maumivu," tabibu akasema, anajipangusa. "Kuna dawa nyingine anatumia?"

Hapo mkewe Kinyozi angeweza kusema hapana. Mdomo ulikwisha kuianza. Lakini alimwona mumewe amekaa pale, kola ya shati imelowa, anasubiri, na akaogopa dawa mbili zisije zikagombana ndani yake yeye akiwa amenyamaza. Akafungua pochi, akafungua leso, akaiweka kadi mezani.

Tabibu akaisoma. Uso wake haukukasirika. Ulijifunga tu, kama duka linavyofungwa taratibu mwenyewe akiwa bado ndani. Akajiviringisha na kiti chake kurudi nyuma kidogo.

"Mwambie asiingize maji kwa siku chache," akamwambia mke. "Mwambie asikune."

"Amekusikia, daktari. Yuko hapa."

"Ee. Mwambie tu." Akaenda kunawa mikono kwa mara ya pili. Mke akaomba karatasi ya kuonyesha kilichotolewa. Tabibu akasema ni kitu kidogo, hakina haja ya kuandikwa, na hawa wa kadi hizi mambo yao huandikwa kule kwao. Ila walipokuwa wanatoka aliokota yule mdudu kwa pamba, akamtia kwenye kasha tupu la kiberiti, akampa mke bila kumtazama usoni. Labda ndicho alichoweza.

Kisha wakaenda wote wanne chumba cha mwisho, hata binti, maana shule zilikuwa zimefungwa. Na pia Bibi alisema ushahidi wote utembee pamoja. Walikuwa na ombi moja: dawa irudi kama zamani, kile kiasi kilichomfaa, ili mikono itulie na kibanda kifunguliwe. Kadi ya Bibi wangeiombea ifutwe baadaye.

Bibi akaliweka kasha la kiberiti mezani, upande wa pili wa utepe, akalifungua kwa kidole gumba. "Ndiye huyu."

Mama Pole akainama. Akamtazama yule mdudu mkavu aliyelala juu ya pamba. Akawatazama wao, wamesimama kwa mstari, wamevaa vizuri.

"Mmemleta," akasema polepole.

"Ndiye aliyekuwa anatembea," Bibi akasema. "Ametolewa zahanati."

"Karatasi ya zahanati iko wapi?"

Hapakuwa na karatasi. Mama Pole akalifunga kasha kwa ncha ya kalamu, akalisukuma kidogo kidogo mpaka likavuka utepe kurudi kwao. Alikuwa amechoka, na kweli aliwapenda.

"Wapo wanaoniletea mawe," akasema. "Wapo wanaoniletea nywele. Mmoja aliniletea jino, akasema si lake. Wote huja na kasha. Poleni sana."

"Muuguzi," mke wa Kinyozi akasema, "mimi nilikuwepo. Nimemwona tabibu akimtoa."

"Si wewe uliyeniambia hukusikia?"

"Kusikia sikusikia. Kuona nimeona."

"Aa." Mama Pole akavua miwani. Ile sauti ya blanketi ikashuka. "Sasa umeanza kuona." Na mkono wake, bila haraka, ukaenda kwenye droo.

Mkewe Kinyozi aliusikia mlio wa droo inavyotoka. Akafikiria cherehani yake dirishani, na sare za watoto, na wazazi wanaoleta vipimo. Akafikiria nani atamshika mkono binti yake barabarani.

"Labda niliona vibaya," akasema.

Droo ikasimama. "Mwanga wenyewe ulikuwa mdogo," akaongeza, anatazama sakafu. Kinyozi hakumlaumu. Akanyoosha mkono wake unaotetemeka, akamgusa kiwiko.

Mama Pole akarudisha droo, akamgeukia binti, akatabasamu. "Na wewe, mchumba? Wewe ulisikia kitu?"

Binti akasimama wima kama yuko mstarini shuleni. "Sikusikia kitu," akasema, kwa ufasaha, bila kupepesa. "Sikuona kitu. Siumwi kitu."

"Mtoto ana akili huyu," Mama Pole akasema kwa furaha ya kweli. Akaandika dawa ibaki ilivyo.

Shule zilipokaribia kufunguliwa, binti alitakiwa kunyolewa kichwa. Kinyozi alisema atamnyoa mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumkatalia. Walikwenda kibandani asubuhi, Bibi nyuma yao na fimbo, wakafuta vumbi kwenye kioo, wakampandisha binti juu ya ubao uliolazwa kwenye mikono ya kiti.

Kinyozi alisikia vizuri sasa. Alisikia kiti kinavyolia, na shomoro juu ya bati, na pumzi za mwanawe. Mikono tu ndiyo haikuwa yake. Aliubana mkono mmoja kwa mwingine, akanyoa juu, akanyoa kisogo. Kisha akalikunja sikio la binti kwa kidole gumba, sikio la kulia, akaupitisha wembe nyuma yake pale pa mwisho.

Binti alikaa sawasawa. Kwenye kioo uso wake ulikuwa mtulivu, kama picha ya kwenye ukuta.

Kinyozi akaona wekundu kwenye kidole chake. Akaona mstari mwembamba unashuka shingoni mwa mtoto, unaingia kwenye kitambaa cheupe.

"Nimekukata?"

"Hapana, baba."

"Mbona damu?"

Macho ya binti yakakutana na yake ndani ya kioo. Alikuwa anamlinda, kwa njia aliyoijua. "Hakuna damu, baba," akasema.

Kinyozi akakitazama kidole chake. Akakigeuza kwenye mwanga. Wekundu ulikuwa pale, lakini mtoto alisema haupo, na mtoto hakuwa na kadi. Akakitazama kwa muda mrefu, na kichwa chake, taratibu, kikaanza kulala upande wa kulia. Wembe ukalegea mkononi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye benchi la wateja. Akanyanyuka, magoti yakalia. Akasogea mpaka kwenye kiti, akaitazama ile shingo ndogo, akaigusa.

"Ipo," akasema. "Damu ipo, mwanangu. Hata mimi naiona."

Kichwa cha Kinyozi kikarudi katikati. Bibi akauzungusha uso wa mjukuu wake kutoka kwenye kioo, akaushika kwa mikono miwili, karibu kabisa.

"Sema," akamwambia.

Binti akamtazama bibi, akatazama mlangoni, barabara ilikuwa tupu.

"Inauma," akasema kwa sauti ndogo. Kisha kwa sauti kubwa, na machozi yakaja yote kwa pamoja. "Inauma, baba."

"Naam," Kinyozi akasema. Akatafuta pamba.